Damu imelindwa, utumbo uko wazi: kisa cha polio ya Rahat, 2013

Kuna swali moja naulizwa karibu kila wiki kwenye chumba cha chanjo, na mara nyingi anayeuliza ni mama wa mtoto wa wiki 14, maana siku hiyo ndo mtoto anadondoshewa matone ya polio mdomoni halafu hapohapo anachomwa na sindano ya polio pajani. "Nesi, si polio ni hiyohiyo? Sasa mbona mara mbili?" Swali zuri sana hilo jamani. Mi kwa miaka nimekuwa najibu kifupi tu, mama vyote vinasaidiana, kwa sababu foleni ndefu na watoto wanalia, ila jibu lenyewe ni refu na ni tamu, na kisa kinacholieleza vizuri kuliko vyote ninavyovijua kilitokea mbali na huku kwetu, kusini mwa Israel, kwenye mji unaoitwa Rahat. Nataka nikichambue taratibu hapa, maana ukikielewa hicho unaelewa pia jinsi mwili unavyolinda tando zake za ute, yaani ile ngozi laini yenye unyevu iliyofunika ndani ya mdomo, pua, koo, mapafu, utumbo mpaka njia ya uzazi.

Rahat ni mji wa Wabedui, Waarabu wa jangwa la Negev, familia kubwa na watoto wengi. Nchi ya Israel iliacha kabisa matone, yale ya virusi hai vilivyodhoofishwa, mwaka 2005 ikabaki na sindano peke yake, ile chanjo ya virusi vilivyouawa ambayo asili yake ni kazi ya Jonas Salk iliyoanza kutumika 1955. Na walichanja kweli, zaidi ya 90% ya watoto walikuwa wamepata sindano zao, huko Negev pia. Kwa maana ya makaratasi hakukuwa na tatizo lolote.

Sasa Israel wana utaratibu mmoja mzuri sana, tangu 1989 wanachota maji taka sehemu mbalimbali za nchi na kuyapima kama yana virusi vya polio, hata kama hakuna mtu anayeumwa. Walianza hivyo baada ya mlipuko wa 1988 kuwashtua, ulioanzia eneo la Hadera. Basi mwishoni mwa Mei 2013 yakatoka majibu: maji taka ya Rahat yaliyochotwa Aprili yana kirusi cha polio aina ya 1, tena cha porini, sio cha chanjo. Wakarudi kwenye chupa za nyuma walizokuwa wamehifadhi, wakakikuta tangu Februari. Kirusi kimezunguka miezi hawajui. Walipoangalia jeni zake zikafanana na za kirusi kilichokutwa kwenye maji taka ya Cairo Desemba 2012, na hicho cha Cairo ukoo wake ni Pakistan. Kimesafiri nchi tatu ndani ya matumbo ya watu.

Na hakuna aliyepooza, hata mtoto mmoja. Hapo ndo kisa kinapoanza kunishika mimi. Kirusi cha polio hakizaliani kwenye maji taka, hakina uwezo huo, kinazaliana ndani ya binadamu tu, kwa hiyo kila kirusi kilichokutwa kwenye chupa ile kilitoka kwenye choo cha mtu fulani. Wakaanza kupima vinyesi vya watu waonekane wanaobeba ni kina nani, na wengi wao wakawa watoto wa chini ya miaka 10, yaani hasa haohao waliozaliwa kipindi cha sindano tupu. Watoto waliokamilisha chanjo, wazima kabisa, wanakula wanacheza wanaenda shule, damu zao zimejaa kingamwili za polio, yaani protini za kinga zinazokinasa kirusi hicho, na kwenye utumbo kirusi kinazaliana kama hakuna kinachokizuia.

Ukimsimulia mtu hivi cha kwanza anasema basi chanjo ilifeli. Haikufeli. Ilifanya kazi yake sawasawa, ila kazi yake ni ya damu. Polio inaingia kwa mdomo, inashika kwenye koo na utumbo, inazaliana hapo, halafu kwa baadhi ya watu inavuka kuingia kwenye damu na kwa wachache sana inafika kwenye uti wa mgongo na kuua zile seli zinazoamrisha misuli. Ni kama mtu 1 kati ya 200 walioambukizwa ndo anapooza, wengine wanaweza wasijue kabisa kwamba waliwahi kuipata. Sindano inaweka walinzi kwenye damu, kirusi kikivuka tu kinakamatwa, hakifiki kwenye mishipa ya fahamu. Mtoto anaokoka na mguu wake. Lakini kule kwenye utumbo kwenyewe, kabla ya kuvuka, walinzi hawapo au ni wachache mno, na kwa nini hawapo ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye kisa hiki, kwa hiyo mniwie radhi nitakaa hapo kidogo.

Utando wa utumbo ukiukunjua wote ni kama mita za mraba 30 hivi, vitabu vya zamani viliandika uwanja mzima wa tenisi ila vipimo vya karibuni vimeshusha. Na unene wake ni seli moja. Moja tu, zimepangwa bega kwa bega, upande wa juu kuna chakula na matrilioni ya bakteria, upande wa chini ni wewe. Zile seli zenyewe hazikai sana, ndani ya siku kama nne tano zimeshabadilishwa. Sasa fikiria unaambiwa ulinde mpaka wa namna hiyo, na wengi wa hao walioko nje sio maadui, ni bakteria wa kawaida wanaokusaidia kumeng'enya chakula, ukiwapiga wote unajichoma mwenyewe na utumbo unavimba, ukiwaacha wote siku moja anapita mwenye kisu.

Mwili umetatua hili kwa molekuli zinazotambua, na ujanja mkubwa uko kwenye mahali molekuli hizo zilipokaa kuliko hata kwenye umbo lake. Chukua vipokezi vya Toll. Charles Janeway alisema mwaka 1989 kwamba lazima mwili uwe na vipokezi vya kuzaliwa navyo vinavyojua alama za vijidudu kwa ujumla, kabla hata ya kinga ya kujifunza kuamka, na watu hawakuwa na ushahidi wakati ule. 1996 Jules Hoffmann na wenzake Ufaransa wakaonyesha nzi wadogo wa matunda wasiokuwa na protini ya Toll wanakufa kwa fangasi, 1998 Bruce Beutler akaonyesha panya wanatumia ndugu wa protini hiyohiyo kutambua sumu ya ganda la bakteria, na 2011 hao wawili wakapewa Nobel pamoja na Ralph Steinman, yule aliyegundua seli dendritiki, zile zinazobeba vipande vya kijidudu na kuvionyesha kwa seli nyingine za kinga, ambaye alifariki siku tatu tu kabla jina lake halijatangazwa na kamati haikuwa na habari. Inauma mpaka leo ukiisoma hiyo.

Sasa angalia zinavyokaa kwenye utumbo. Kipokezi cha Toll namba 5 kinatambua mkia wa bakteria, ile protini ya mkia wanaoogelea nao, na kwenye seli za utumbo kimewekwa zaidi upande wa chini, sio juu kwenye chakula. Maana yake bakteria aogelee huko juu anavyotaka, hakuna kelele, ila akionekana upande wa chini ni kwamba ameshavunja ukuta na hapo kengele inalia. Kwa virusi ni hivyohivyo lakini ndani zaidi: kipokezi namba 3 na namba 7 vimejificha kwenye vifuko vya ndani ya seli vikisubiri RNA ya kirusi, yaani maandishi ya jeni zake, na ipo nyingine inaitwa MDA5 inayozunguka kwenye majimaji ya ndani ya seli na hiyo ndo hasa inayowatambua virusi wa ukoo wa polio wakianza kujinakili. Kwa hiyo utumbo haujalala hata kidogo. Seli iliyoingiliwa inapiga kelele, inatoa intaferoni, yaani protini ya kuwatahadharisha wenzake, majirani wanajifungia.

Shida ni kwamba hawa wa Toll na MDA5 hawana kumbukumbu. Wanajua "huyu ni kirusi", hawajui "huyu ni polio aina ya 1 tuliyekutana naye mwaka jana". Anayejua hilo ni kingamwili, na kwenye tando za ute kingamwili mkuu ni IgA. Watu wengi wakisikia kingamwili wanafikiria damu, lakini mtu mzima anatoa kama gramu 3 mpaka 5 za IgA kila siku na sehemu kubwa inamwagwa kwenye utumbo, ni nyingi kuliko aina nyingine zote za kingamwili ukizijumlisha. IgA hailipui kitu. Inamshika kirusi au bakteria, inamfunga, inamnatisha kwenye ute, na anatoka na choo bila vurugu wala uvimbe. Kwa mpaka wa seli moja, mlinzi mpole wa namna hii ndo anayefaa.

Ila anafikaje upande wa juu? Seli zinazotengeneza IgA ziko chini ya utando, na ukuta umefungwa. Hapa naomba nitumie mfano wa pantoni ya Kigamboni, kile kivuko cha Dar es Salaam. Kuna molekuli inaitwa kipokezi cha imunoglobulini, imekaa upande wa chini wa seli za ukuta, kazi yake ni kuvusha. Inamshika IgA chini, seli inammeza kwenye kifuko, kifuko kinapita katikati ya seli mpaka juu, halafu pale juu pantoni yenyewe inakatwa, na kipande chake kinabaki kimemvaa IgA kama koti. Koti hilo linamkinga asimeng'enywe na vimeng'enya vya utumbo. Yaani kila pantoni inavusha safari moja tu na inamalizikia mgongoni kwa abiria. Thomas Tomasi na wenzake ndo waliokuja kuonyesha 1965 kwamba IgA ya kwenye mate na maziwa imevaa kipande cha ziada ambacho ya kwenye damu haina, Mnorwei Per Brandtzaeg akaeleza miaka ya 70 kwamba hicho kipande ni kipokezi kinachovusha, na 1984 jeni yake ikasomwa.

Na pantoni hii inachagua abiria. Haimchukui kila mtu, inaangalia tiketi. Tiketi ni kipande kidogo cha protini kinaitwa mnyororo wa J, ambacho ndo kinaunganisha IgA mbili kuwa moja. IgA ya utumbo inatoka na mnyororo wa J. IgM, aina nyingine ya kingamwili, nayo inao, na ndo maana watu waliozaliwa bila IgA, na wapo wengi tu na wengi wao wazima wa afya, IgM inavuka badala yake na kuziba pengo kiasi. Lakini IgG, ile inayojaa kwenye damu baada ya sindano ya pajani, haina mnyororo wa J. Inabaki ng'ambo. Kiasi kidogo kinapenya kwa njia nyingine, na kooni inafanya kazi vizuri kidogo, maana watoto waliochomwa sindano wanatoa virusi vichache kwa mdomo, ila kwenye utumbo haitoshi. Hebu turudi Rahat sasa: mtoto ana IgG tele, kirusi kiko upande wa pili wa maji, na pantoni haiivushi hiyo IgG.

Kuna mtu atauliza basi kwa nini sindano isiufundishe mwili utengeneze IgA ya utumbo. Kwa sababu darasa liko mahali pengine. Kwenye utumbo mwembamba kuna sehemu zilizojaa seli za kinga zinaitwa vipande vya Peyer, na juu yake kuna seli za ajabu zinaitwa seli M, ambazo badala ya kuzuia zenyewe zinafungua, zinachota sampuli ya kilichomo utumboni na kuwashushia seli dendritiki za Steinman chini. Polio yenyewe inadhaniwa inapita hapohapo kwenye seli M. Zile dendritiki za utumbo zina kitu ambacho za pajani hazina kwa kiwango hicho, zinabadilisha vitamini A kuwa asidi ya retinoiki, na asidi hiyo ndo inayomwandikia seli B, ile inayokuja kutengeneza kingamwili, anwani: wewe ni wa utumbo. Anwani yenyewe ni molekuli juu ya ngozi ya seli, na kwenye mishipa ya damu ya utumbo kuna mwenzake wa kuipokea, kama funguo na kitasa. Seli iliyofundishwa kwenye utumbo inaingia kwenye damu, inazunguka mwili mzima, na ikipita kwenye mshipa wa utumbo inashuka hapo. Seli iliyofundishwa kwenye mitoki ya kinena, baada ya sindano ya paja, haina anwani hiyo. Inapita utumboni kama basi la kwenda mbali lisilosimama kituo hicho.

Kwa hiyo mtoto wa sindano tupu wala sio mdhaifu, kinga yake imesoma vizuri, tatizo ni kwamba haijui njia ya kwenda utumboni.

Turudi kwenye kisa. Wizara ya afya ya Israel ilikuwa na uamuzi mgumu. Hakuna mgonjwa. Watoto karibu wote wamelindwa wasipooze. Ungeweza kusema tuache, ila kirusi kinazunguka kwa maelfu na mahali fulani kuna mtoto mchanga ambaye hajachomwa bado, kuna mtu wa kinga dhaifu, kuna familia iliyokataa chanjo, na kuna majirani: Gaza na Ukingo wa Magharibi, ambako sampuli nazo zikatoka na kirusi. Wakaamua kurudisha matone. Agosti 2013 wakaanza kusini, baadaye mwezi huohuo nchi nzima, kwa watoto wote waliozaliwa tangu 2004, matone ya aina ya 1 na ya 3 pamoja, chanjo ya Albert Sabin, virusi hai vilivyodhoofishwa. Kampeni waliiita "matone mawili".

Na hapo wazazi wa Israel wakauliza swali la yule mama wangu ila limegeuzwa: mtoto wangu kashachomwa sindano, hawezi kupooza, matone ya nini? Jibu la kweli lilikuwa kwamba matone hayo sio kwa ajili yake. Ni kwa ajili ya bibi yake, mdogo wake mchanga, mtoto wa jirani anayetibiwa kansa. Unamwomba mzazi ampe mtoto mzima dawa ambayo faida yake karibu yote inaenda kwa watu wengine. Kulikuwa na mabishano makubwa na mimi siwalaumu wazazi waliobisha, ni swali la haki kabisa, na walistahili kuambiwa ukweli ulivyo, sio kutishwa. Kilichoniridhisha mimi ni usalama: virusi hai vya matone mara chache sana, kama mtoto 1 kwa mamilioni ya dozi za kwanza, vinaweza vyenyewe kupoozesha, lakini kwa kupita kwenye damu, na damu za watoto hawa zilikuwa zimeshalindwa na sindano. Mpangilio wa sindano kwanza matone baadaye unafunga mlango huo. Watoto zaidi ya laki tisa wakapewa. Mwaka 2014 maji taka yakasafika, hakuna aliyepooza mpaka mwisho, na kuanzia mwaka huo Israel ikarudisha matone kwenye ratiba ya kawaida pamoja na sindano.

Sasa asije mtu akachukua kisa hiki akasema kumbe matone ndo bora, sindano tuachane nayo. India wanajua. Matone kwenye jimbo lao la Uttar Pradesh yalikuwa yanashika vibaya sana, dozi moja ya matone ya zamani ilimlinda mtoto dhidi ya aina ya 1 kwa kama 9% tu, wakati sehemu nyingine za India ilikuwa kama 21%, kwa sababu utumbo wa mtoto anayeharisha kila mara, wenye virusi vingine vinavyogombania nafasi, haulisikii somo. Watoto walipewa matone mara kumi na zaidi. India ikafika kwenye kesi yake ya mwisho Januari 2011 kwa jasho jingi. Halafu utafiti uliofanyika Moradabad, kwenye jimbo hilohilo, ukachapishwa 2014, ukaleta kitu kizuri kweli: watoto karibu 1,000 waliokuwa wameshapata matone mengi, wakachomwa sindano moja, kisha wakajaribiwa kwa kupewa matone, na waliochomwa walitoa kirusi kwenye choo kwa kiwango kidogo zaidi, punguzo la kati ya 39% na 76% kutegemea umri na aina ya kirusi. Sindano hiyohiyo ambayo kwa mtoto wa Rahat haikufika utumboni, kwa mtoto wa Moradabad ilifika. Tofauti ni kwamba seli za mtoto wa Moradabad zilishaandikiwa anwani na matone, sindano ikaja kuziamsha, na zikiamka zinajua kwao ni wapi.

Huku kwetu hayo hayakubaki kwenye makaratasi. Mwaka huohuo wa 2013, wakati Rahat iko kimya, Pembe ya Afrika polio ilikuwa inapoozesha, Somalia watu 194, Kenya 14, na Dadaab ilikuwa katikati ya moto. Desemba kwenye kambi za wakimbizi za huko wakafanya kampeni ya matone na sindano kwa pamoja, watoto wa chini ya miaka mitano. Ukilinganisha hizo sehemu mbili unaona picha yote: Rahat kirusi kimeingia kwenye watoto waliolindwa damu, hakuna anayepooza ila kinaenea, na Dadaab na Somalia kimeingia kwa watoto ambao wengi hawakuwa na ulinzi wa damu wala wa utumbo, na viungo vya watoto ndo vikalipa.

Na maji taka yameendelea kusema. Mwaka 2018 Kamukunji, Nairobi, kilikutwa kirusi aina ya 2 kilichotokana na chanjo, yaani virusi vya matone vilivyozunguka muda mrefu kwa watoto wasiochanjwa mpaka vikarudisha makali. 2022 ikawa London na New York, miji ya nchi za sindano tupu, na New York kijana mmoja ambaye hakuchanjwa akapooza. Mwaka huohuo Malawi wakatangaza mtoto wa Lilongwe mwenye polio ya porini ya ukoo wa Pakistan, na Tanzania tukapita nyumba kwa nyumba na matone. 2023 ikawa mkoani Rukwa, hapahapa Tanzania. Kila mara ni hesabu ileile ya nani analindwa wapi.

Kitu kimoja cha maabara lazima nikiseme kwa sababu kinanifurahisha. Polio inashika seli za binadamu kwa kutumia molekuli moja inayoitwa CD155, panya hawana inayofaa, ndo maana panya wa kawaida hapati polio. Wataalamu wakachukua seli za panya wakazipandikizia CD155 ya binadamu, zinaitwa L20B, na hizo ndo zinazotumika kwenye maabara za polio kama ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Nairobi, na ile ya Entebbe, Uganda. Unamwagia maji taka yaliyosafishwa juu yake, kama seli zinakufa ujue una kirusi chenye funguo ya kitasa hicho, na karibu hakuna kingine zaidi ya polio. Mlango ambao kirusi kinautumia kutuingia ndo tumeutegea mtego.

Basi juzi alikuja tena mama mmoja, mtoto wa wiki 14, swali lilelile. Siku hiyo foleni ilikuwa fupi nikachukua karatasi nikamchorea mstari mmoja wa seli, juu utumbo chini damu, nikamwonyesha sindano inaweka walinzi huku, matone yanaweka kule, na siku hii ya wiki 14 sindano inawaamsha wa kule pia kwa kuwa matone yameshatangulia tangu alipozaliwa. Akaiangalia sana ile karatasi. Halafu akauliza, "Na maziwa yangu je, dada, yako upande gani?" Nikafurahi mno, maana hilo sikuwa nimelichora. Maziwa yako upande wa utumbo. Zile seli za mama zilizofundishwa kwenye utumbo wake, kipindi cha kunyonyesha nyingine zinahamia kwenye matiti, zinatoa IgA yenye mnyororo wa J, pantoni ileile inaivusha na kuivalisha koti, na mtoto anaimeza kila anaponyonya, maziwa ya kwanza yale ya njano ndo yamejaa kuliko yote. Kwa hiyo vijidudu ambavyo utumbo wa mama umeshakutana navyo kwenye nyumba hiyo, kwenye maji hayo, kwenye chakula hicho, mtoto anapewa walinzi wao kabla utumbo wake haujaweza kutengeneza wa kwake. Nikamwongezea mstari wa tatu kwenye mchoro, akaikunja karatasi akaiweka ndani ya kadi ya kliniki, akamnyonyesha mtoto palepale kwenye benchi baada ya sindano.